Shajara ya mradi: barabara za vumbi za makorongo ya Utah, mwamba kwa mwamba

Escalante, maandalizi

Mradi ni huu: kupita barabara za vumbi za kusini mwa Utah, Marekani, moja baada ya nyingine, na kuandika kila kipande kwa jina la mwamba ulio chini yake. Miongozo mingi hupanga barabara kwa ugumu: nyepesi, ya wastani, ngumu. Mpangilio huo haunitoshi. Barabara iliyopitika asubuhi na gari dogo inaweza kumshinda mwenye 4x4 jioni yake, na sababu haiko kwenye ramani, iko kwenye udongo. Nyanda za juu za Colorado zimejengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka lina tabia yake chini ya tairi. Dereva anayejua yuko juu ya tabaka gani anajua pia kama ashushe upepo, avute gia nzito (ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi), au azime gari asubiri.

Nasafiri na mdogo wangu, ambaye ni fundi kwa mikono yake na mvumilivu kuliko mimi. Gari letu ni 4x4 yenye gia nzito, tumbo limeinuka vya kutosha, na tairi zina kuta nene. Tumebeba spea mbili, kompresa ya kuchomeka kwenye betri, geji ya upepo, koleo, vibao viwili vya plastiki vya kujinasulia mchangani, kamba ya kuvutia, vifaa vya kuziba pancha na dumu la petroli. Maji ni lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, na juu yake akiba ya siku kadhaa endapo tutakwama. Ndiyo mzigo mzito kuliko yote, na hapo sikukubali kupunguza hata dumu moja.

Sehemu kubwa ya njia zetu imo ndani ya hifadhi ya Grand Staircase-Escalante, iliyotangazwa na Rais Bill Clinton mwaka 1996, ikapunguzwa mwaka 2017, kisha ikarudishiwa mipaka yake mwaka 2021. Ramani yetu ni ya baada ya 2021. Kila ofisi ya wageni tunayoikuta njiani tunaingia kuuliza hali ya barabara, kwa sababu watu walioipita jana wanajua zaidi ya karatasi yoyote.

Hole-in-the-Rock, nusu ya kwanza

Barabara hii inatoka kwenye lami mashariki kidogo ya mji wa Escalante na kuelekea kusini-mashariki kwa takriban kilomita 90, ikiambaa chini ya ukuta mrefu wa Straight Cliffs. Mwanzoni ni pana na inamdanganya mgeni. Kisha rasta zinaanza, vijituta vya mfululizo vinavyokatiza barabara nzima, na gari linatetemeka mpaka skrubu za dashibodi zinaanza kulia.

Kuna madereva wanaosema dawa ya rasta ni kukimbia ili tairi ziruke kutoka kilele hadi kilele. Kweli mtetemo unapungua, lakini gari linalogusa ardhi nusu ya muda halina breki wala usukani wa kuaminika, na barabara hii ina kona zinazoangukia moja kwa moja kwenye vijito vikavu. Isitoshe, mwendo huo ndio unaozizaa rasta zenyewe: gurudumu likishavuka kasi fulani juu ya udongo mkavu, kila kijituta kinalirusha, nalo linatua na kusukuma mchanga kujenga kijituta kinachofuata. Sisi tulishusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 22, tukaenda polepole. Tofauti tuliisikia mara moja. Tairi laini inalala juu ya kijituta badala ya kukigonga, na shokamzoba zinapumua.

Tulisimama Devils Garden, umbali wa kilomita 19 hivi kutoka lami, ambapo tabaka la Entrada limechongwa na mvua na baridi likawa nguzo zenye vichwa vizito na matao membamba. Sikuja hapo kwa picha tu. Entrada ni mchanga laini ulioshikamana kidogo, na pale unapovunjika unageuka vumbi jekundu la kuzama. Kila niliposhuka kukagua kipande cha barabara chenye mchanga wa kina katika nusu hii, nilipoinua macho kuta za karibu zilikuwa za rangi ile ile. Nimeanza kuamini kwamba dereva anaweza kutabiri kilomita mbili zijazo kwa kuangalia kilima kilicho mbele.

Dry Fork

Siku hii niliitenga kwa ajili ya miguu. Ukitoka lami kwa kilomita 42 hivi kuna njia ya mchepuko inayokwenda kwenye makorongo mawili membamba, Peek-a-boo na Spooky, yaliyochimbwa ndani ya tabaka la Navajo.

Kabla ya kushuka ni vizuri kuelewa unaingia ndani ya nini. Navajo ni matuta ya mchanga ya jangwa lililokuwepo katika kipindi cha Jurasiki, yapata miaka milioni 190 iliyopita, mojawapo ya majangwa makubwa kuliko yote ambayo mwamba wa dunia umehifadhi. Ukiutazama ukuta kwa karibu utaona mistari myembamba iliyoinama, kundi moja kushoto, kundi la juu yake kulia. Kila mstari ni uso wa tuta kama upepo ulivyouacha. Chembe ni za duara na saizi zinakaribiana, kwa hiyo mwamba huu ni mgumu wa kutosha kusimama wima, na laini wa kutosha kukatwa na maji yenye mchanga. Hapo ndipo korongo jembamba linapozaliwa: mafuriko yanapata ufa, yanausugua kwa mchanga wake mwenyewe, na kwa kuwa mvua ni chache, kuta hazipati muda wa kulika na kupanuka. Kinachoshuka ni sakafu.

Peek-a-boo inaingiwa kwa kupanda ukuta mfupi wenye vishikio vilivyochongwa, na juu yake kuna madaraja mawili ya jiwe yaliyobaki baada ya maji kupita chini. Desturi ni kupanda kwa Peek-a-boo na kuteremka kwa Spooky, ili watu wasikutane uso kwa uso mahali pasipo na nafasi ya kupishana. Spooky inastahili tahadhari ya kweli. Kuna sehemu upana haufiki sentimita 30, na begi la mgongoni halipiti isipokuwa ulivue ulishike juu au ulivute nyuma yako. Ukuta ni mkavu na una vijivimbe vinavyokwangua mkono. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa au anayeogopa kubanwa, ushauri wangu ni kubaki juu, na hapungukiwi chochote kwa kufanya hivyo.

Kwenye mwamba ulio wazi juu ya makorongo tulikuta vijiwe vya duara vyeusi vimetawanyika, vikubwa na vidogo. Ni madini ya chuma yaliyojikusanya ndani ya mwamba wa Navajo wakati maji ya chini ya ardhi yalipokuwa yakipita. Mwamba umelika, vyenyewe vimebaki. Kuviokota ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria, vinapendeza pale pale vilipo.

Hole-in-the-Rock, mwisho wa njia

Dance Hall Rock kwanza. Ni jabali la Entrada lenye ukumbi wa asili, sakafu pana iliyo tambarare karibu kabisa, na ukuta unaoinamia mbele na kurudisha sauti. Mwaka 1879 Wamormoni wapatao 250 na mabehewa yao 83 walipiga kambi jirani na hapa wakingoja njia ichongwe mbele, na jioni walipanda kwenye jabali hili kucheza muziki wa fidla. Walikuwa wametumwa kuanzisha makazi upande wa pili wa Mto Colorado. Walidhani safari ingechukua wiki sita. Ikachukua karibu miezi sita.

Baada ya hapo barabara inabadilika sura. Mchanga unapungua na mwamba mtupu unaanza: ngazi za jiwe, mashimo yenye kingo kali, mabonde mafupi ambako pua ya gari inaelekea ardhini na kinachoonekana kwenye kioo cha mbele ni jiwe tupu. Kilomita za mwisho ni za gia nzito, gari lililoinuka, na mtu wa kushuka kuelekeza. Mdogo wangu alitangulia kwa miguu, akaonyesha kwa vidole kila tairi ipite wapi.

"Dada, kushoto kidogo. Kidogo tu. Hapo hapo, sasa achia breki taratibu."

Kwenye jiwe namna hii mwendo ni wa mtu anayetembea, na mguu haukai kwenye klachi. Gia ya kwanza nzito inalishikilia gari yenyewe. Upepo tulirudisha kidogo, hadi 25, kwa sababu tairi laini mno juu ya kingo za mawe inajitoa ubavu. Pamoja na hayo tulipata pancha. Kijiwe chenye ncha kilikuwa kimeingia kwenye uso wa tairi ya nyuma, mahali panapozibika. Tulikichomoa kwa koleo ya mkono, tukakwangua tundu kwa tindo ya duara, tukaingiza uzi wa raba uliopakwa gundi, tukavuta sindano haraka, tukakata mkia. Kompresa ikamaliza. Nalirekodi hili kwa sababu mwongozo wangu utasema wazi: vifaa vya kuziba ni vya lazima hapa, na mtu awe ameshafanya mazoezi nyumbani.

Mwisho wa njia ni ufa kwenye ukingo wa genge, na chini yake, takriban mita 300, maji ya Ziwa Powell yaliyofunika sehemu ya mto wa zamani tangu milango ya bwawa la Glen Canyon ilipofungwa mwaka 1963. Mwezi Januari 1880 mabehewa yale yalishushwa kupitia ufa huu. Waliupanua kwa baruti na sururu, wakafunga magurudumu yasizunguke, wakaning'inia nyuma kwa kamba na minyororo. Kuna mahali ambapo ukuta haukuwa na hata ukingo wa kupitisha gurudumu la upande wa nje. Benjamin Perkins, aliyekuwa mchimba makaa kutoka Wales, alitoboa safu ya matundu kwenye jiwe, wakapigilia vigingi vya mti, wakalaza magogo, matawi na mawe juu yake, na barabara ikaning'inia ubavuni mwa genge. Watu walifika chini, wakavuka mto, na mwezi Aprili wakaanzisha mji wa Bluff.

Nilisimama kwenye ufa huo kwa muda mrefu nikisoma alama za sururu. Kwa mradi huu ni ushahidi bora kuliko wote niliopata. Wangejaribu kuchonga njia kwenye mwamba mwingine, ungebomoka au usingeshika vigingi. Jiwe la hapa lilikuwa laini la kutosha kutobolewa kwa mkono na gumu la kutosha kubeba behewa.

Cannonville, kusubiri

Mvua imenyesha usiku. Barabara ya Cottonwood Canyon, kilomita 74 kutoka Cannonville hadi barabara kuu ya 89, ndiyo niliyoisubiri kwa hamu kuliko zote, na ndiyo ambayo ofisi ya wageni imetuambia tusiiguse. Ikilowa haipitiki hata kwa 4x4. Hatukubishana.

Muda wa kusubiri umefaa. Pembeni mwa barabara, kabla ya geti, kuna vilima vya kijivu-buluu vya tabaka la Tropic. Sehemu ya juu iliyokauka ina uso uliovimba na kupasuka vipande vipande, unafanana na bisi zilizomwagwa. Alama hiyo ni ya kukariri. Niliokota bonge, nikalimwagia kifuniko kimoja cha maji. Kwanza maji yalikaa juu. Baadaye udongo ukaanza kuyanywa, ukavimba, uso ukang'aa, na nilipousugua kati ya kidole na gumba haukuwa na chembe hata moja ya kukwaruza. Uliteleza tu. Kisha ukakataa kutoka mkononi.

Huo ni mfinyanzi wa bentoniti. Tropic ni tope la bahari iliyokatiza katikati ya Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita, na ndani yake kuna tabaka nyembamba za majivu ya volkano yaliyoangukia majini na kugeuka mfinyanzi unaonyonya maji na kuvimba. Chini ya tairi inatokea hivi: meno ya tairi yanajaa kwa mzunguko mmoja, na kuanzia hapo una magurudumu manne yaliyopakwa grisi. Gia nzito haisaidii. Minyororo haisaidii sana. Gari linafuata mteremko wa barabara kwenda pembeni, na pembeni ni mtaro. Anayelazimisha kupita anaacha pia mifereji mirefu inayokauka migumu na kuwaumiza wote wanaomfuata.

Tukiwa hapo nimeandika pia ukurasa wa mafuriko ya ghafla, maana udongo usionyonya maji haraka na mwamba mtupu ni ndugu katika hilo: mvua haiingii ardhini, inakimbia yote. Agosti 1997, katika Antelope Canyon karibu na Page, Arizona, kwenye ardhi ya Wanavajo, watalii 11 walikufa ndani ya korongo baada ya mvua kunyesha mbali, upande wa juu wa bonde. Haikuwa mvua ya juu ya vichwa vyao iliyowaua. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuingia korongo jembamba ni hali ya hewa ya bonde zima linalomwaga maji humo, kilomita nyingi juu. Julai hadi Septemba ni msimu wa radi za mchana, na mwongozo wangu hautapendekeza korongo lolote jembamba kwa mchana wa miezi hiyo.

Cottonwood Canyon

Jua na upepo vimefanya kazi yao na barabara imefunguka. Kwanza Grosvenor Arch, tao pacha la mwamba wa rangi ya maziwa yenye manjano, lililopewa jina la Gilbert Grosvenor wa Jumuiya ya National Geographic baada ya msafara wao wa miaka ya 1940. Kisha barabara inaingia kwenye Cockscomb, na hapa nilijikuta nikipiga kelele ndani ya gari.

Matabaka ambayo kwingine yamelala, hapa yamekunjwa na kusimamishwa karibu wima. Barabara inapita ndani ya mkunjo, ikikata mwamba mmoja baada ya mwingine kwa umbali mfupi mno. Mkono mmoja meno meupe na mekundu ya mwamba wa mchanga, mkono mwingine vilima vya kijivu. Kwa mradi kama wangu hakuna darasa bora. Nilimwomba mdogo wangu aendeshe nami nikaandika: mchanga mwekundu, usukani mwepesi, upepo 22 unatosha, changarawe iliyoshikamana, raha, kijivu, mifereji ya magari yaliyopita na tope, taratibu, usitoke nje ya njia, mchanga tena. Rangi ya kilima ilitangulia na usukani ukafuata, kila mara isipokuwa pale mvua ilipokuwa imeleta kifusi cha tabaka la juu na kukimwaga barabarani. Kasoro hiyo ni muhimu. Kwenye midomo ya vijito, angalia kilichoshuka kutoka juu, usiamini ukuta ulio jirani.

Jambo moja nje ya barabara. Kati ya vichaka vya pembeni ardhi ina ganda jeusi lenye vijinundu. Ni hai: bakteria, kuvu, kuvumwani na vimea vidogo vilivyoshikanisha chembe za mchanga zisipeperuke. Tairi moja inalivunja, na kurudi kwake kunachukua miaka mingi, pengine makumi ya miaka. Tulipokutana na gari lingine tulirudi nyuma hadi mahali palipokwisha kupanuliwa, badala ya kupanda pembeni. Naomba kila atakayetumia mwongozo huu afanye hivyo hata kama kurudi nyuma kunachosha.

Burr Trail

Haraka tu, kwa sababu njia hii haikutupa shida. Kutoka mji wa Boulder ni lami hadi mpaka wa hifadhi ya Capitol Reef. Long Canyon inapita kati ya kuta nyekundu za tabaka la Wingate, zenye michirizi myeusi ya chuma na manganizi. Ndani ya hifadhi lami inakwisha na barabara inateremka ukuta wa Waterpocket Fold kwa kona za kujikunja, takriban mita 240 kwa umbali usiozidi kilomita moja. Mkunjo huo wa mwamba una urefu wa karibu kilomita 160. Kona zimetengenezwa vizuri. Gari dogo hupita pakiwa pakavu. Jina linatokana na John Atlantic Burr, mfugaji aliyepitisha ng'ombe hapa kati ya malisho ya baridi na ya kiangazi. Chini ya kona kuna vipande vya mfinyanzi wa rangirangi, na nimeviwekea alama ile ile niliyoweka kwa Tropic: kukiwa na maji, geuka.

Hali ya mradi

Nimemaliza kurasa za Entrada, Navajo, Tropic na Wingate. Chinle, tabaka jingine lenye mfinyanzi wa rangirangi, ina maelezo mafupi yasiyotosha, nayo ndiyo inayonipeleka kwenye kituo kinachofuata, White Rim, ndani ya hifadhi ya Canyonlands. Miaka ya 1950 wachimbaji wa urani walichonga njia nyingi za eneo lile wakifuata Chinle, maana urani ilikuwa humo. Njia ya Shafer, iliyokuwa ya mifugo, ilipanuliwa kwa ajili ya malori yao, na ndiyo tutakayoshukia.

White Rim ni mzunguko wa kilomita 160 hivi na kibali ni lazima, hata kwa anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa siku wanaruhusiwa magari 50 na baiskeli 50. Kwa kulala, kundi moja haliruhusiwi kuzidi magari 3. Hakuna maji, hakuna petroli, na kuvutwa ukiharibikiwa kwa kawaida kunapita dola 1,000. Tumeomba kibali cha kulala. Mdogo wangu anabadilisha mafuta ya difu na kukagua raba za shokamzoba baada ya rasta zote zile, na bushi moja ya mbele ameshaikataa. Mimi nachora upya ramani kwa rangi za matabaka, ili dereva aione Chinle kabla hajaikanyaga.